Mapigo ya Mkono wa Kushoto

1

Bangili ya mkono wa kulia ilikuwa inapiga haraka, na Kalunde Mihayo alijua kabla hajainua darubini kwamba Sikudhani ameshaua. Moyo wa simba anayewinda hupanda ghafla, hukaa juu kwa muda ule wa kumfukuza mnyama, kisha hushuka polepole anapoanza kula, kama wa mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kupanda kilima. Huu sasa ulikuwa unashuka. Mia na ishirini. Mia na nne. Tisini na moja.

Bangili ya mkono wa kushoto ilipiga hamsini na mbili, kama jana, kama juzi, kama mwaka jana.

"Amekamata," alisema. "Upande wa mawe. Nadhani ni kongoni, maana hakukimbia mbali."

"Basi tuna bahati," alisema mgeni.

Mgeni mwenyewe alikuwa Profesa Eliakunda Mshiu, mwanamke wa miaka sitini na minane, mwembamba, amevaa kofia ya ukindu na buti mpya zilizokwisha kuanza kumtafuna visigino. Wageni huja Kasolwa kutoka pembe zote za dunia, kwani ndiyo hifadhi pekee iliyobaki na simba wa porini hasa, simba ambao hawajalishwa wala kushikwashikwa, na karibu wote hushuka garini wakichekacheka kwa woga. Huyu hakucheka. Alishuka, akakaza kamba za buti, akauliza choo kiko wapi, na aliporudi akatoa barua.

Barua ilikuwa na mihuri miwili ya makao makuu. Ilimtaka mshika nanga wa zamu apige nanga mara moja kwa simba nambari 117, mbele ya profesa, Alhamisi hiyo kabla ya saa sita mchana. Nambari 117 ndiye Sikudhani.

Kalunde, mshika nanga wake, aliisoma mara tatu, akampa Ndahani, skauti mwenzake, ambaye aliisoma mara moja tu na kuirudisha haraka kana kwamba ina siafu. Katika miaka yote ya Kasolwa, hakuna barua ya namna hiyo iliyowahi kufika getini.

Nanga ni punje ndogo, haizidi ya mchele. Kila simba wa Kasolwa hupandikizwa moja nyuma ya fuvu akitimiza mwaka mmoja, nayo hupeleka mapigo ya moyo wake kwenye bangili ya mshika nanga, na bila punje hiyo vijiji vya jirani visingekubali hata simba mmoja abaki hai baada ya ile miaka mibaya ya kuliwa watu. Simba akimrukia mtu, mshika nanga anabana bangili kwa vidole viwili, na simba anasimama palepale kwa sekunde arobaini, anapumua, macho wazi, hana habari. Kisha anazinduka na kwenda zake akiwa mzima. Ndivyo kilivyosema kitabu cha mafunzo, na ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho ulikuwa na picha ya mwanamke aliyeibuni nanga, kijana bado, nywele nyeusi tii.

"Kumbe ndiye wewe mama," Ndahani alisema, akavua kofia.

"Ndiye mimi. Na simba sijawahi kumwona. Nimewaona mezani tu, wamepigwa ganzi, ulimi nje." Profesa aliikunja barua. "Tunakwenda kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama," alisema Kalunde.

2

Walitembea katika pori la miombo, Ndahani mbele na bunduki, profesa katikati, Kalunde nyuma. Jua lilikuwa limeshapanda na mbung'o walikuwa kazini. Ndahani alijaribu kuleta utani kidogo, kwani yeye Mgogo na Kalunde Mnyamwezi, na watani hawaachiani siku ipite hivihivi.

"Mnyamwezi, leo wamekubebesha nini? Mbona shingo imeingia mabegani?"

"Tembea, Mgogo. Hapa si mahali pa kupigia zeze."

Ndahani aligeuka akamtazama, maana sauti ile haikuwa ya utani.

Profesa aliyataja yake bila kuulizwa, akihema. Jumatatu kamati ingekaa kuamua ombi la wenye hoteli. Walitaka nanga ziwe mikononi mwao, wapige wanapopenda, ili mgeni aweze kulala kifuani mwa simba akapigwa picha, halafu akanywa chai yake. Mara tatu kwa siku kwa kila simba, walisema, kwa kuwa kitu chenyewe hakina madhara.

"Na kina madhara?" Ndahani aliuliza.

"Nina panya mia mbili wanaosema kinayo. Panya akipigwa nanga mara moja, anazinduka, anakula, anatembea, ukimpima damu yuko sawa. Lakini umletee paka, hashtuki. Kitu kimezimika ndani na hakiwaki tena. Nimewapelekea kamati hao panya wangu. Wakaniambia, 'Profesa, tuletee simba.'" Alisimama, akaegemea mti. "Sasa simba nitamtoa wapi? Kitabu chenu cha zamu kinasema tangu nanga ipandwe, hajapigwa hata mmoja. Ni kweli?"

Ndahani aliangalia juu mitini kama mtu anayetafuta mzinga wa nyuki.

"Ni kweli," alisema Kalunde.

Ulikuwa uongo, na uongo huo ulikuwa na miaka mitatu. Oktoba ile Ndahani alipita karibu na kichaka, dumu la maji mikononi, bunduki mgongoni, asijue kwamba humo ndani simba jike nambari 88 amezaa. Kalunde alimwita huyo jike Wifi, kwa sababu alikuwa na jicho la dharau na hakupenda mtu asogee kwake. Wifi alitoka kichakani bila kuunguruma. Kalunde hakufikiri. Vidole viwili vilibana vyenyewe, na Wifi akaganda hatua mbili kutoka kifua cha Ndahani, mguu wa mbele ukiwa bado hewani. Waliondoka kinyumenyume. Jioni, kwenye kitabu cha zamu, Kalunde aliandika: *Na. 88, jaribio la betri.* Simba aliyepigwa nanga hufutwa kwenye orodha ya simba wa porini, na mshika nanga aliyeandika uongo hufungwa, lakini siku ile yeye aliona tu kwamba Ndahani yuko hai na Wifi yuko hai, na mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kabla ya hapo moyo wa Wifi ulikuwa mtundu: ulirukaruka radi ikipiga, ulipanda kwa harufu ya nyati, ulicheza alipocheza na watoto wake. Baada ya siku ile ulipiga hamsini na mbili. Akiwa macho hamsini na mbili, akilala hamsini na mbili. Alisimama katikati ya kongoni akawatazama wakimkimbia, wala hakunyanyua mguu. Watoto wake wawili walilia siku tisa, na Kalunde alikaa na ile bangili siku zote tisa akingoja moyo wa mama uitike hata mara moja. Haukuitika. Siku ya kumi kichaka kilikuwa kimya, na bangili ikapiga vilevile.

Hapo ndipo Kalunde alipofanya kosa la pili, na hilo alilitoa nyumbani kwao. Kwao, vijiji vya kando ya pori, zamani watu walikuwa wakienda paja. Wanaume watatu au wanne hujipanga bega kwa bega, wakamwendea simba anayekula, wima, bila kukimbia, bila kusema, bila kugeuza shingo. Simba hushangaa, husogea. Wanakata paja moja tu, mengine wanamwachia, wanaondoka. Na nyumba iliyokula paja la simba, siku itakapochinja, nayo huliacha paja moja porini pale pale walipochukua. Babu yake Kalunde hakula nyama ya mbuzi wake hadi paja liwe limepelekwa. Kwake yeye, kutorudisha kulikuwa wizi, na aliwahi kumfukuza mwanawe mwenyewe kwa sababu hiyo.

Kalunde alikuwa amechukua kwa Wifi kitu kikubwa kuliko paja. Basi kila Alhamisi, siku ya gulio la getini, alibeba paja la mbuzi hadi kwenye mawe ya mashariki, akapiga mluzi, Wifi akaja akala. Kwa miaka mitatu hakumwambia mtu, hata Ndahani, ambaye alidhani Wifi alipona zamani na anajiwindia.

Na kanuni ya tisa ya Kasolwa haina maneno mengi. Simba aliyelishwa na mkono wa mtu huuawa siku hiyohiyo, na anayemuua ni mshika nanga wake, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kusema kwa hakika kwamba moyo umesimama.

3

Sikudhani alikuwa amemlaza kongoni wake kwenye uwazi mdogo wa nyasi, mawe nyuma yake. Alikuwa peke yake, ana miaka minne, pua nyekundu kwa damu. Alipowaona aliinua kichwa, na mkono wa kulia wa Kalunde ukaanza kugongwa.

Mia na tano. Mia na kumi na mbili.

"Kisomeo changu kinafika hatua hamsini," profesa alinong'ona. Alikuwa ameshatoa kifaa chake cha kusomea nanga, bapa kama kitabu cha sala. "Hapa tuko mia. Tunasogeaje?"

"Bega kwa bega," alisema Kalunde. "Mama, kaa katikati yetu. Usikimbie. Ukikimbia umekwisha, nasi tumekwisha. Usiseme, usigeuke."

Wakaenda. Watu watatu wamejipanga kama waliogandishwa pamoja, Mgogo, Mchaga na Mnyamwezi, wakimwendea simba mwenye nyama. Hatua tisini. Sikudhani alisimama. Hatua themanini, mkia ukaanza kuchapa. Kalunde alisikia pumzi ya profesa ikikatikakatika, lakini mwanamke yule hakupunguza mwendo. Hatua hamsini. Simba aliguna, mguno uliopita ardhini ukaingia kwenye nyayo. Mia na hamsini, ilisema bangili. Mia na hamsini na nane.

"Hapo," alisema Kalunde. Wakasimama.

Kisomeo kiliwaka kijani. Kwenye kioo chake mstari ulipanda na kushuka kama milima, hakuna kilele kilichofanana na kingine.

"Mungu wangu," profesa alisema kwa sauti ya chini. "Ona alivyo. Ona huyu." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Dakika moja ya kumsoma hivi alivyo. Nikisema sasa, piga."

"Mama, ana watoto," alisema Kalunde bila kugeuza shingo. "Watatu. Wako kwenye yale mawe nyuma yake. Hawajafumbua macho vizuri."

Profesa aliyatazama mawe. "Hilo halikuwa kwenye barua."

"Barua haijui."

"Simba wa Kasolwa ni mia nne," profesa alisema. Ilisikika kama jambo alilojiambia usiku mwingi. "Jumatatu nikienda mikono mitupu, wote mia nne watapigwa mara tatu kwa siku. Nitamharibu mmoja. Najua ninachokuomba, binti yangu. Mimi ndiye niliyekitengeneza hicho kitu, sina pa kujificha. Sekunde thelathini."

Kalunde aliweka vidole viwili juu ya bangili ya kulia. Chini ya vidole moyo wa Sikudhani ulikuwa unapiga kwa hasira, kwa woga wa watoto wake, kwa uchu wa nyama yake, vyote kwa pamoja. Angebana tu. Angebana, na kesho angekuwa na mikono miwili inayopiga hamsini na mbili.

Kisha bangili ya kushoto ikatetemeka mara mbili. Ilifanya hivyo simba wake anapofika karibu.

Bila shaka. Leo ilikuwa Alhamisi. Wifi alikuwa amekwenda kwenye mawe ya mashariki, hakukuta paja, na sasa alikuwa anamtafuta mwenye paja. Alikuwa mahali fulani nyuma yao, kwenye vichaka, amesimama na kungoja. Hakuwa amejitokeza, kwa kuwa alifundishwa hivyo: haji mpaka apigiwe mluzi. Kalunde akinyamaza, Wifi angengoja, angechoka, angeondoka, na hakuna ambaye angejua kamwe.

Na wiki mbili zilizopita aliondoka hivyohivyo, akaenda kusimama kisimani katikati ya wanawake wanaoteka maji. Walisimulia kijiji kizima kwamba ni miujiza. Kalunde hakulala siku tatu. Alimkagua Alhamisi iliyofuata akakuta mwiba wa nungunungu umezama kwenye taya, usaha unatoka, na Wifi anatafuna upande uleule kana kwamba taya si lake.

"Sekunde kumi," alisema profesa. "Jitayarishe."

Kalunde aliondoa vidole kwenye bangili, akavitia mdomoni, akapiga mluzi.

"Kalunde!" Ndahani alifoka, akasahau kanuni zote za kwenda paja. "Umerukwa na akili?"

Vichaka vilifunguka nyuma yao. Wifi alitoka akitembea, si kwa kunyatia, si kwa haraka, mbavu zinahesabika, kichwa kimelegea upande wa lile taya. Ndahani aligeuka, bunduki ikapanda begani.

"Piga nanga! Mnyamwezi, piga nanga!"

"Usifyatue, Ndahani. Hana haja na wewe. Mama, mgeuzie kisomeo. Mgeuzie huyu, haraka."

Profesa aligeuka. Wifi aliwapita Ndahani na mtutu wake kama anayepita mti, akaja akasimama mbele ya Kalunde, akaketi, akatazama mikono yake. Mikono ilikuwa mitupu. Aliendelea kuitazama.

Kwenye kioo cha kisomeo mstari ulilala sawa kutoka ukingo hadi ukingo, na vijilima vidogo vilivyofanana vyote. Ng'ambo, Sikudhani alimwona jike mgeni karibu na nyama yake, akanguruma ngurumo iliyotimua ndege mitini. Mstari wa Wifi haukutikisika.

"Huyu amepigwa," profesa alisema taratibu.

"Mara moja. Miaka mitatu iliyopita. Nilimpiga mimi."

"Ukaniambia ni kweli hakuna."

"Nilikudanganya. Kwenye kitabu niliandika betri. Baada ya hapo hakuwinda tena, nikawa namlisha. Kila Alhamisi." "Una simba wako, mama. Soma yote unayotaka. Yule mwingine mwache."

Ndahani alikuwa ameshusha bunduki nusu. Alikuwa anamtazama Wifi, kisha Kalunde, kisha Wifi, na uso wake ulikuwa unaelewa kitu baada ya kingine. "Ilikuwa siku ile ya dumu," alisema. "Ilikuwa kwa ajili yangu. Miaka mitatu unabeba peke yako, usiniambie?"

"Ungenisaidia kubeba, nawe ungefungwa."

Dakika kumi profesa alisoma. Sikudhani aliona watu hawana nia na kongoni wake, akarudi kula, jicho moja kwao. Kisomeo kilipolia kwamba kimeshiba, profesa alikifunga na kukishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ninajua kanuni ya tisa," alisema. "Nilikuwepo ilipoandikwa. Lakini hapa tuko watatu tu. Naweza kusema nilimkuta hivi, kwamba sikuona nani anamlisha."

Kalunde alilitaka hilo. Akamtazama Wifi, na lile taya, na macho yale yanayongoja mikono ilete kitu.

"Siku moja atakwenda tena kisimani," alisema, "na kutakuwa na mtu mwenye mkuki au mwenye sumu, naye atasimama tu amtazame akimuua polepole. Hajui hata kuumwa, mama. Paja nililokuwa naleta, nilikuwa najiletea mimi nipate usingizi." Alivua bangili ya kushoto. Mahali ilipokaa ngozi ilikuwa nyeupe. "Vaa. Ukasimulie kamati na hili."

Profesa alisita, kisha akanyoosha mkono. Bangili ilimkaa kubwa, akaishikilia kwa vidole ili iguse mshipa. Kalunde alimgeukia Ndahani na kufungua kiganja, na Ndahani, bila utani, akampa bunduki.

Wifi aliona mikono ya Kalunde sasa ina kitu. Alisogeza pua, akanusa mtutu, akakuta si nyama.

"Wifi," alisema Kalunde. "Nisamehe, mwanamke mwenzangu."

Mlio ulipasua pori. Wifi alilala upande, kama alivyozoea kulala akishiba.

Kwa muda mrefu profesa hakufanya kitu ila kushikilia kifundo cha mkono wake. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha ikaacha kuhesabu.

"Hamsini na mbili," alisema. "Ulipomwelekezea bunduki. Hamsini na mbili mpaka mwisho." Aliketi chini kwenye nyasi na buti zake mpya, akafunika uso kwa kofia, na mabega yakaanza kutikisika.

Kalunde hakumsikia vizuri. Alikuwa ameinua mkono wa kulia hadi sikioni kama mtu anayesikiliza saa. Ng'ambo kongoni alikuwa ameachwa peke yake, nyasi zimefunguka njia ndefu kuelekea kwenye mawe. Mia na sabini. Mia na themanini. Bangili iligonga hadi mfupa ukauma. Sikudhani alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, anakimbilia watoto wake, na Kalunde alisimama na bunduki mkononi akalia kwa furaha.